Herufi H juu ya Tiyo za Gatovu

Barthélemy Habarurema hakuweza kupita karibu na kitu kigumu bila kukigonga. Aligonga mwimo wa mlango kabla ya kuingia nyumbani kwake Birere, mjini Goma. Aligonga kikombe kabla ya kunywa. Kanisani, wakati padri akihubiri, kidole chake cha kati kiligonga taratibu ubao wa benchi mpaka mke wake, Élisabeth Mukamazimpaka, alipomkanyaga mguu.

"Papa Barthélemy," jirani mmoja alimuuliza walipotoka misani, "leo benchi imekuambia nini?"

"Imeniambia iko na mududu ndani."

Watu walicheka. Miezi miwili baadaye benchi lile lilikatika katikati ya mahubiri, na walioanguka hawakucheka tena.

Tabia hiyo aliitoa kwa baba yake, Ntirenganya, aliyekuwa mchongaji wa vyombo vya maziwa katika vilima vya Masisi. Ntirenganya akimaliza kuchonga chombo, alikishika mdomoni kwa vidole viwili tu, akakigonga kwa kifundo cha kidole, akatega sikio. Ufa usioonekana kwa macho husikika. Chombo kilicholia vizuri kilikwenda kwa mama mwenye ng'ombe, naye hakutia maziwa ndani yake kabla ya kukifukiza. Alichoma majani yenye harufu nzuri, akakiinamisha chombo juu ya moshi mpaka kikauke na kunukia. Chombo kisichofukizwa kilihesabiwa kuwa kichafu, hata kama kimeoshwa mara saba. Kila mtoto wa vilima alilijua jambo hilo kabla ya kujua kusali.

Habarurema hakurithi utulivu wa baba yake. Kuchonga kunataka mtu akae, naye alikuwa hakai. Mwaka 1952 alishuka Goma na kuajiriwa kuwa mchukuzi katika kampuni ya Tubulac, iliyotengeneza mabomba ya chuma ambayo wafanyakazi wote waliyaita tiyo. Karatasi za chuma zilifika kwa malori kutoka Kampala, kwa njia ya Rutshuru. Mashine ilizikunja zikawa duara, mafundi wakaunga mshono kwa moto, kisha kila tiyo ikazamishwa katika hori refu la lami iliyochemka ili kutu isiile ndani wala nje. Baada ya hapo malori yalizipeleka kwenye mashamba ya kahawa, kwenye misheni na kwenye vilima vyenye kiu. Kiwanda kizima kilisimama juu ya mawe meusi ya volkano, na kelele yake ilisikika mpaka ziwani. Mtu mwingine angeumwa kichwa. Habarurema alijiona amefika kwao.

Siku moja, akiwa amebeba tiyo begani, alisimama ghafla.

"Hii iko mugonjwa," alisema.

Mkuu wa kiwanda, Bwana Coppens, alikuwa akipita. Alikuwa Mbelgiji mrefu, mwenye haraka, na Kiswahili chake kilikuwa cha maagizo matupu.

"Mugonjwa namna gani?"

"Inalia kama nyungu yenye ufa, Bwana."

Coppens alicheka, lakini akaagiza tiyo ile ifungwe kwenye pampu ya kupimia. Maji yalichuruzika kwenye mshono, mahali pasipozidi ukucha. Aliagiza nyingine tano zilizokwisha kupita pampu, akazichanganya na moja mbovu, akamwita Habarurema azigonge. Habarurema aliiwekea mkono ile mbovu bila kusita.

Tangu siku hiyo hakubeba tena. Alipewa nyundo ndogo na muhuri wa chuma wenye herufi H. Kila tiyo ilining'inizwa kwenye kamba mbili, akaigonga, akasikiliza, na ikilia sawasawa aliipiga muhuri kwenye ncha. Tiyo isiyo na H haikutoka langoni. Mashamba ya mbali yalianza kuiulizia H kabla ya kuuliza habari nyingine yoyote. Muhuri ule aliutundika shingoni kwa kamba ya ngozi, pamoja na rozari, na alilala nao.

*

Mwaka 1956 serikali iliamua kuwapelekea maji watu wa kilima cha Gatovu, kule juu, mbele ya Mushaki. Udongo wa kule hunywa mvua yote, na akina mama walishuka bondeni kila alfajiri kwa saa mbili. Chemchemi ilikuwepo kwenye mgongo wa kilima cha pili. Tubulac ingetoa tiyo, na watu wangechimba mtaro. Lakini watu hawakutaka kuchimba. Walisema maji yanayotembea gizani ndani ya chuma ni maji yaliyokufa.

Élisabeth alikuwa mzaliwa wa Gatovu, basi Coppens akamtuma Habarurema akaseme na wakwe zake.

Alisema nao akitembea huku na huko mbele yao, kama kawaida yake.

"Wababa na wamama, munamujua baba yangu. Kuna nyumba hapa yenye kukosa chombo chake? Haiko. Sasa musikilize. Tiyo ni chombo. Ni icyansi, chombo cha maziwa kirefu tu, mudomo moja kwa chemchemi, mudomo moja hapa kwenu. Baba aligonga vyake, mimi niko nagonga vyangu. Yenye kuwa na alama yangu, muitumikishe kama chombo cha baba."

Kisha Munyakazi, aliyekuwa mkuu wa vijana wa kilima, akasema, "Na kama maji haikuje?"

"Kama haikuje, munivunje hii nyundo kwa kichwa."

Walichimba miezi mitatu, wakipasua mawe kwa nyundo na kwa matusi. Tiyo zilifika kabla mtaro haujaisha, zikalala rundo moja chini ya miti karibu na nyumba ya mama yake Élisabeth, bibi mmoja mwembamba aliyeitwa Nyiransengimana. Jina hilo Habarurema hakulitamka hata mara moja maishani mwake. Kwa desturi yao, mwanamume hamtaji mama mkwe kwa jina, hamtazami usoni, wala hasimami mahali akasema neno la kumwaibisha. Mtu avunjaye desturi hiyo hana tena mahali pa kukaa katika ukoo.

Mtaro ulipokwisha, tiyo ziliungwa na kulazwa. Jumapili ilipangwa kuwa siku ya baraka, pamoja na padri na wageni wa serikali. Alhamisi Munyakazi alifungua chemchemi ili kujaribu. Watu wote walikusanyika kwenye mdomo wa chini, wakangoja. Jua lilipita utosini. Hakikutoka hata kijasho.

Ijumaa asubuhi habari ilimfikia Coppens. Alikuja kwenye kamba za Habarurema, akanyoosha kidole kwenye muhuri uliokuwa kifuani pake.

"Gatovu, maji hapana. Tiyo yote iko na H. Dimanche asubuhi, siku ya baraka, mimi nafika pale. Maji iko, muzuri. Maji hapana, wewe nanipa hii, narudi kubeba. Nasikia?"

"Nimesikia, Bwana."

Alipanda lori la kwanza la Sake bila kurudi nyumbani. Njia nzima alisimama juu ya mizigo, ameshika kamba, na dereva alimpigia kelele akae. Hakuweza. Alizirudia tiyo moja moja kichwani. Zote zilikuwa zimelia, naye aliikumbuka sauti ya siku ile kama mtu akumbukavyo wimbo wa harusi yake. Je, masikio yake yalikuwa yameanza kuzeeka? Aligonga ubao wa lori, akasikiliza. Akagonga tena, asiuamini ubao.

*

"Karibu, mukwe wetu!" Munyakazi alimpokea, mikono kiunoni. "Chombo chako ni kirefu mupaka maji imelala njiani. Tumuamushe, ao tumungoye?"

Wachimbaji walicheka cheko la watu wenye malengelenge mikononi. Mmoja wao aliomba aletewe ile nyundo iliyoahidiwa kichwa.

Habarurema aliletewa kiti, akakataa; akaletewa maziwa, akayanywa akiwa njiani. Kwa bahati nzuri mtaro ulikuwa bado haujafukiwa. Alipanda mpaka chemchemini, akafungua maji, akaanza kushuka akigonga. Tiyo ya kwanza ilitoa sauti nzito, fupi, kama tumbo lililoshiba. Ya pili vilevile. Zilikuwa zimejaa maji. Alikwenda mbiombio, Munyakazi nyuma yake akihema, mpaka karibu na bonde. Hapo tiyo moja ilitoa sauti nzito, na iliyofuata ikalia kengele tupu.

"Hapa," alisema. "Maji imefika hapa, imekataa kupita. Fungua."

Walilegeza kiungo. Maji yaliruka yakamlowesha Munyakazi kifua chote, na sasa ilikuwa zamu ya wengine kumcheka. Waliifunga chemchemi, wakaitoa tiyo. Ndani ya ncha yake kulikuwa na kizibo cheusi, kigumu, kama damu iliyoganda. Kando yake herufi H ilionekana wazi kabisa.

"Lami yenu ya Goma," alisema Munyakazi. "Muliimwanga mingi, ikaziba. Na weye ukapiga alama."

Habarurema alipiga magoti, akaingiza pua ndani ya tiyo. Akabaki hapo. Chini ya harufu ya lami kulikuwa na harufu nyingine, tamu, ya majani yaliyochomwa. Harufu ya nyumba ya mama yake jioni, vyombo vikiwa vimepangwa. Alisimama akatazama pande zote. Shemeji yake, Marcelline, mdogo wa Élisabeth, alikuwa amewaletea wachimbaji viazi. Alimvuta kando.

"Marcelline. Nani alifukiza tiyo?"

Marcelline alishangaa. "Si weye ulisema ni chombo?"

"Nilisema."

"Basi! Chombo kipya kinafukizwa. Mama alituita wamama yote. Tulizisimamisha kwa mti, moto chini, moshi ikatokea kule juu. Ilikuwa muzuri sana, shemeji, ungeona! Mama alicheza."

"Mulifukiza zote?"

"Hapana, kumi na mbili tu. Majani iliisha. Mama akasema zile zitaombea zingine."

Habarurema alijishika kichwa. Sasa aliona yote: moto chini, lami ikiyeyuka ndani, ikitiririka mpaka ncha ya chini, ikipoa pale na kuziba. Na baadaye watu walizichanganya zile kumi na mbili katika rundo, nazo zikalazwa popote.

"Kuna mubaya?" Marcelline aliuliza, uso ukianza kubadilika.

"Hapana. Haiko mubaya. Usiseme kitu kwa mama."

Kulikuwa na tiyo chache za akiba. Waliweka mojawapo, wakafungua maji, naye akaanza tena kugonga kutoka pale. Kizibo cha pili kilipatikana jua likizama. Jumamosi yote walitafuta cha tatu, kwa sababu bondeni tiyo zililala juu ya udongo laini na sauti ilimezwa. Ilibidi kila moja iinuliwe juu ya mawe mawili. Vijana walichoka, wakaketi, wakamtazama akienda na kurudi, sikio karibu na ardhi. Hakuna aliyemtania tena. Alasiri alipata cha tatu. Tiyo nyingine tisa zilizofukizwa zilikuwa zimepungua upana tu, na maji yangepenya.

Yalipenya. Yalitoka kwanza kwa kukohoa, kisha kwa mwendo mmoja mnene. Bibi Nyiransengimana aliletwa mbele akinge mikono, awe wa kwanza. Alinusa, akanywa, akatikisa kichwa kwa furaha.

"Yanukia," alisema. "Chombo ni safi."

Mkwe wake alikuwa nyuma ya watu wote, amegeuza uso.

*

Jumapili Coppens alifika mapema kuliko padri. Aliyaona maji, akatabasamu. Kisha akaziona tiyo tatu zilizotolewa zimelala kwenye nyasi, akainama, tabasamu likaisha. Aliingiza kidole kwenye kizibo.

"Hii H ya nani?"

"Ni yangu, Bwana."

"Uligonga?"

"Niligonga."

"Na lami iko hivi, ukapiga H?"

Hatua ishirini kutoka pale, mama mkwe alikuwa amesimama kati ya wanawake wenzake, amevaa kitambaa cheupe, mtungi mpya mbele yake. Wageni wa serikali walikuwa wanashuka kwenye gari. Neno moja tu lingetosha. Coppens angemgeukia bibi yule, angemfokea mbele ya kilima kizima, siku ambayo kilima kizima kilikuwa kinamsifu. Na je, kosa lilikuwa la nani kwa kweli? Yeye ndiye aliyewaambia kwamba tiyo ni chombo. Hakuwaambia kwamba chombo hiki kinaogopa moto.

"Kosa ni langu, Bwana," alisema.

Coppens alimtazama muda mrefu, kama mtu anayengoja sentensi iliyobaki. Ilipokosekana, alinyoosha mkono. Habarurema aliivua kamba ya ngozi. Rozari ilinaswa nayo, ikabidi waitenganishe wote wawili, vidole vikigongana, na hilo lilikuwa gumu kuliko maneno.

Jumatatu muhuri ulikuwa kwa Célestin, mzee mwenye upara aliyefanya kazi ya pampu. Habarurema alirudi kubeba. Kila tiyo iliyolala begani pake aliigonga kwa kifundo akipita.

"Papa, acha basi," Célestin alimnong'oneza. "Unanizuia kusikia."

"Ya tatu kule iko mugonjwa."

"Nani amekuuliza?" alisema Célestin, lakini akaipeleka kwenye pampu, na ilikuwa inavuja.

Nyumbani hali ilikuwa mbaya zaidi. Usingizi ulimkimbia, alizunguka chumba, akigonga meza, akigonga ukuta. Élisabeth, aliyesikia kwa Marcelline habari za kufukiza na kuelewa yaliyobaki mwenyewe, alivumilia majuma matatu.

"Sema kwa muzungu! Mama yangu hatakufa juu ya hii."

"Mama yako hatakufa. Mimi njo nitakufa, nikisimama mbele ya Coppens nishitaki mama mukwe."

"Basi kaa chini ule."

Hakukaa.

*

Miezi mitatu ilipita hivyo. Kisha asubuhi moja wageni watatu walisimama langoni pa Tubulac: Munyakazi, Marcelline, na bibi Nyiransengimana mwenyewe, ambaye hakuwa amewahi kushuka Goma. Alitazama mawe meusi chini ya miguu yake kwa mashaka, kama ardhi isiyofagiliwa. Habarurema alikuwa anavuka uwanja na tiyo begani. Alipomwona mama mkwe alijibanza nyuma ya rundo, tiyo ikiwa bado begani.

Coppens alitoka. "Maji ya Gatovu? Imekufa tena?"

"Hapana, Bwana," alisema Munyakazi. "Maji iko mingi. Lakini imepoteza harufu."

"Harufu gani?"

"Ya moshi," alisema Marcelline. "Mwanzo ilikuwa inanukia, watu wa vilima vingine walikuja kuonja. Sasa ni maji tu. Tunaomba ruhusa tutoe tiyo, tufukize tena. Hii mara tutafukiza zote. Majani tumekusanya."

Coppens aliuliza walifukiza namna gani. Marcelline alimweleza kwa fahari, mti, moto, majani, kumi na mbili zilizoombea nyingine; na mama yake, kila binti alipomaliza sentensi, aliitikia kwa kichwa. Coppens alitazama hori la lami iliyochemka. Kisha akatazama rundo ambalo miguu miwili ilionekana nyuma yake.

"Habarurema! Kuja hapa."

Alikuja kwa ubavu, macho chini, tiyo ikimkinga uso upande wa mama mkwe.

"Kwa nini hapana sema?"

Marcelline ndiye aliyejibu, akishangaa kwamba mtu mzima anaweza kuuliza jambo kama hilo.

"Atasema namna gani, Bwana? Ni mama mukwe wake."

Kelele za mashine ziliendelea. Coppens alijikuna shingo. Aliwaeleza wageni, polepole kuliko kawaida yake, habari za lami na moto. Bibi alisikiliza mpaka mwisho. Alipoelewa, mkono wake ulikwenda mdomoni, ukakaa hapo. Kisha akageuka, akaelekea rundo la tiyo kama kwamba anasema nalo, akamwambia binti yake kwa sauti ambayo uwanja wote uliisikia:

"Marcelline, mwambie mume wa dada yako hivi. Baba yake alipotuletea chombo, alitueleza pia namna ya kukitunza. Hakututupia chombo akakimbia."

"Amesikia, Mama," alisema Marcelline.

"Na umwambie amekonda. Ale."

Célestin alicheka wa kwanza. Alikuwa amekwisha kuivua kamba ya ngozi shingoni mwake bila kuombwa, akamkabidhi Coppens, na Coppens akaining'iniza kwenye ncha ya tiyo iliyokuwa begani mwa Habarurema, kwa kuwa mikono yake yote miwili ilikuwa na kazi.

Kuanzia juma lile tiyo hazikutoka Tubulac peke yake. Lori likipakiwa kwa safari ya Rutshuru au ya Masisi, Habarurema alipanda juu. Alipofika kilimani aliwakusanya watu kabla ya tiyo ya kwanza kugusa nyasi, akawaeleza akitembea huku na huko: ni chombo, ndiyo, lakini kinapenda baridi, moto usikikaribie, na mama mwenye kutaka harufu afukize mtungi wake. Mahali pengine waliuliza maswali mpaka jua likazama. Alijibu yote. Kisha akapanda tena lorini, dereva akampigia kelele akae, naye akabaki amesimama juu ya mbao tupu, akizigonga kwa kisigino, moja baada ya nyingine, mpaka Goma.